Mto Uliotengenezwa Mara Mbili: niliyoyasema ukumbini kuhusu safari yetu ya Avon

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie vijana wa viti vya nyuma mambo vipi. Naona wazee wangu wa mwambao mmejipanga mbele kabisa, shikamooni. Wengi mliniomba niandike yale niliyosema jumamosi ile kwahiyo naandika kama nilivyosema, pale niliporopoka nimeacha hivyo hivyo.

Mimi sikuitwa hapa kama mtaalamu. Nimeitwa kwa sababu ya picha zile kwenye grupu la WhatsApp, mie nimesimama nyuma ya boti ndefu nyembamba kama ganda la mkunde, nimefunga kilemba, nimeshika kana, ule mti wa kuongozea boti, na shemeji yangu kakaa mbele anakula embe. Watu wakaanza, dada mlikuwa wapi hapo, Uholanzi? Jamani ni Uingereza hii hii, kutoka hapa Birmingham ni kama saa moja kwa gari. Mji unaitwa Tewkesbury, pale mto Avon unapomwaga maji kwenye mto mkubwa wa Severn, na sisi tulichukua boti ya kukodi tukapanda nao mpaka Stratford, kwa Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili. Siku nne kwenda, na kurudi vilevile. Kwa gari mngefika kabla chai haijapoa, najua, shemeji alinikumbusha kila siku.

Kwanza jina lenyewe. Avon ni neno la kale la wenyeji wa hapa kabla ya Waingereza, mpaka leo Wawelshi wanasema afon, na maana yake ni mto tu. Kwahiyo mtu akikwambia Mto Avon kakwambia Mto Mto. Ndo maana nchi hii ina Avon kibao, nyie mkienda hakikisheni mmekwenda kwenye Avon yenyewe, ya Shakespeare.

Sasa mimi nimezaliwa Pangani, nimekulia pale kivukoni, ng'ambo unaiona Bweni. Babu yangu alikuwa na dau. Kwa hiyo kichwani mwangu mto ni kitu cha Mungu, upo, unaukuta, ukitaka kuvuka unavuka, maporomoko yakikuzuia huko juu basi unageuza unarudi. Haijawahi kunijia akilini kwamba mto unaweza ukawa na fundi. Na hii Avon, wenzangu, ina mafundi, na walioutengeneza wameutengeneza mara mbili, manake mara ya kwanza uliachwa ukafa. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia, mengine yote ni chumvi.

Fundi wa kwanza ni bwana mmoja anaitwa William Sandys, mtu wa kijiji cha Fladbury, baadaye mbunge wa Evesham. Mwaka 1636 kapata ruhusa ya mfalme Charles wa Kwanza aufanye mto upitike kwa boti za mizigo toka Tewkesbury hadi Stratford, kwa pesa zake. Mto ulikuwepo bila shaka, ila kila baada ya maili kadhaa wenye vinu vya kusagia nafaka wameweka kizuizi cha mawe kukata mto mzima, maji yapande yazungushe gurudumu la kinu. Boti ikifika pale basi, mwisho wa lami. Sandys akaenda kizuizi kwa kizuizi, na baada ya miaka kama mitatu boti zikawa zinapanda mpaka maeneo ya Stratford. Makaa ya mawe juu, nafaka chini. Watu wakampa jina la utani, Sandys wa kazi za maji. Msimwone malaika lakini, mwaka 1641 bunge lilimfukuza kwa mambo ya ukiritimba, na baada ya hapo nchi ikaingia vitani, mfalme na bunge wanapigana, yeye na mto wake nani anawakumbuka. Ila tulipopita Fladbury jioni, vinu vya zamani viwili vinatazamana juu ya maji, nyasi zimekatwa vizuri, bata wamelala, nikasema huyu mtu alikuwa na kichwa kigumu kweli, angeweza kukaa hapa akanywa chai yake.

Mnauliza alipitaje kwenye vizuizi? Njia mbili. Ya kwanza ni ya roho ngumu. Katikati ya kizuizi unaweka lango moja tu. Boti inayoshuka inasubiri juu, lango linafunguliwa, maji yote yaliyokuwa yamezuiwa yanatoka kwa kishindo, na boti inateremka nayo humo humo, mwenye roho nyepesi abaki nyumbani. Inayopanda inasubiri maji yapungue kasi halafu inavutwa kwa kamba dhidi ya maji. Na kila mara lango likifunguliwa mwenye kinu ananuna, maji yake ya kusagia ndo hayo yanakwenda Tewkesbury bure, inabidi akae asubiri mto ujae tena. Lango la namna hiyo pale Cropthorne liliendelea kuwepo mpaka miaka ya 1960, hebu fikiria, watu wanarusha vyombo angani na huku boti inasubiri lango la zama za Charles.

Njia ya pili ndio ya leo, wao wanaita loki, na mimi nitasema loki hivyo hivyo. Hii nataka mnielewe vizuri manake humu ndo karibu nizame na familia yangu.

Chukua chumba cha mawe, hakina paa, kina urefu wa kutosha boti, kimechimbwa pembeni ya kizuizi. Mlango wa mbao huku juu, mlango huku chini, mizito, ina boriti ndefu nje ambayo unaisukuma kwa makalio, samahani wazee lakini ndivyo inavyosukumwa. Kwenye milango kuna vidirisha vya maji, unavifungua kwa kuzungusha chuma cha mkono. Unapanda mto, unaingia mlango wa chini, unafunga nyuma yako, mtu kasimama juu anafungua vidirisha vya juu taratibu, maji yanaingia, na boti inapanda, polepole, ukuta wenye kuvu na utelezi unashuka mbele ya macho yako, halafu ghafla uko kwenye jua, unaona malisho na ng'ombe wanakutazama. Maji yakilingana mlango unafunguka wenyewe kama umebembelezwa. Hakuna injini, hakuna umeme, ni uzito wa maji tu. Yamekwenda hivyo karne kwa karne. Binti yangu wa miaka tisa alijua siku ya kwanza, siku ya pili akawa anatufokea.

Kupanda hakuna tabu. Tabu ni kushuka. Chini ya mlango wa juu, ndani ya chumba, kuna kizingiti, ngazi nene ya zege au mawe inayotokeza, na loki ikiwa imejaa huioni, iko chini ya maji. Wamechora mstari mweupe ukutani, maana yake tezi ya boti yako, yaani upande wa nyuma, isikae nyuma ya mstari huu. Kila mtu anaambiwa siku ya kukabidhiwa boti. Mimi niliambiwa, nikatikisa kichwa kabisa.

Sasa siku ya sita, tunarudi, juu ya Evesham, mvua inanyesha kidogo, mie nimeshika kana, shemeji yuko juu kwenye vidirisha, mume wangu kashika kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine anarekodi. Maji yanashuka. Boti ikarudi nyuma kidogo tu, kama hatua moja, na mimi nilikuwa namwangalia mtoto ajikinge na mvua. Nikasikia sauti, krrrk, kama kreti la soda linaburutwa. Omo inaendelea kushuka na tezi imebaki juu. Vikombe jikoni vikaanza kuteleza kimoja kimoja. Nikapiga kelele FUNGA na shemeji akajibu nifunge nini, nifunge mlango? FUNGA MAJI! Na yeye, tumpe haki yake, ni dereva wa malori wa miaka ishirini, kashapita mlima Kitonga kule Iringa na mzigo, hakuuliza mara ya pili, akateremsha vidirisha vyote vya chini vikaanguka kwa mlio, halafu akakimbia juu akafungua kidogo cha juu maji yarudi. Boti ikanyanyuka kwenye kizingiti. Tukabaki kimya. Baba mmoja mwenye mbwa alikuwa kasimama pale muda wote, akasema kwa upole kabisa kwamba chai ingefaa sasa hivi. Ile video mume wangu anayo na nimemkataza kuituma, mkiipata mjue kanisaliti.

Haya, turudi kwenye historia. Mto ukafanya kazi, ukagawanywa, Avon ya chini mpaka Evesham na mwenyewe, Avon ya juu na mwenyewe. Mwaka 1816 mfereji wa kuchimbwa kwa mkono kutoka upande wa Birmingham ukafika Stratford ukaungana na mto. Mfereji ule una kitu kimoja nilikipenda mno, madaraja yake madogo yamekatwa katikati, kuna ufa mwembamba juu. Kwa nini? Boti ilikuwa inavutwa na farasi, farasi anapita pembeni, sasa badala ya kumfungua kamba kila daraja, kamba inapita kwenye ufa. Mtu aliyewaza hivyo alikuwa kachoka kufungua kamba.

Kisha ikaja reli na hapo ndo kifo chenyewe. Kampuni ya reli ikainunua njia ya maji, na ukimiliki mshindani wako unamfanyia nini? Humpigi, unamnyima matengenezo tu. Kufikia miaka ya 1870 Avon ya juu ikaachwa kabisa, milango ikaoza, mawe ya maloki yakabomoka, mitete ikaota. Avon ya chini ikajikongoja, na baada ya vita ya pili ya dunia boti ilikuwa inaishia Pershore tu. Maji yenyewe hayakwenda popote, yalikuwa yanapita vile vile, samaki wapo. Kilichokufa ni utunzaji. Mtu mwingine angetazama pale akasema huu mto haupitikagi, ndivyo ulivyoumbwa.

Mwaka 1950 Douglas Barwell, mfanyabiashara wa Birmingham hapa hapa, akaanzisha trasti ya kufufua Avon ya chini. Sio serikali, trasti, watu wa kuchangishana. Loki moja moja, wajitoleaji wa wikiendi, askari wahandisi wakasaidia pale Chadbury, na mwaka 1962 boti ikafika tena Evesham.

Na kule juu kwenye mfereji ndo kuna kisa changu kipenzi. Mwaka 1958 halmashauri ya mkoa ilitaka mfereji wa Stratford ufutwe kisheria, kuna daraja lilihitaji kujengwa upya na daraja juu ya mfereji uliokufa ni rahisi kuliko juu ya mfereji ulio hai. Hoja yao, hakuna chombo kilichopita huku miaka mitatu. Sasa kumbe kuna watu walishapita na mitumbwi yao, na walilipia, na tiketi wameitunza, ina tarehe! Wakaitoa. Kikaratasi kile kikaharibu kesi nzima. Mimi toka nisikie hiyo situpi risiti, hata ya parking, mume wangu anasema droo imejaa na mimi namwambia wewe subiri.

Mwaka 1960 shirika la kuhifadhi urithi, National Trust, likauchukua mfereji, na kazi akapewa David Hutchings, msanifu majengo. Maili 13, maloki zaidi ya 30, pesa kiduchu. Huyu bwana akakusanya kila aliyeweza kushika sepetu. Wajitoleaji, wanajeshi, na wafungwa wa jela. Ndiyo, wafungwa. Mimi nilijaribu kupiga picha ile, mwanafunzi wa chuo, koplo na mtu aliyevunja duka wote wamo kiunoni kwenye tope jeusi la miaka mingi wanapokezana ndoo. Julai 1964 Mama wa Malkia akaja kuufungua, mwaka ule ule Shakespeare anatimiza miaka 400 ya kuzaliwa, wakati huo mjini Stratford kila kitu kinasherehekewa.

Lakini angalieni ramani. Mfereji umefunguka mpaka Stratford. Mto wa chini umefunguka mpaka Evesham. Katikati, maili 17, hakuna kitu. Na hapa ugumu ulikuwa mwingine kabisa, huku hukarabati, manake maloki mengi hayapo tena, huna cha kukarabati, inabidi ujenge upya. Hutchings huyo huyo akaanza 1969. Kuta akatumia mabamba ya chuma yanayoshikana, unayashindilia ardhini, siyo mazuri kwa macho, nisiwadanganye, ukitoka loki ya mawe ya chini ukaingia ya chuma ya juu unaona kama umetoka msikiti wa zamani umeingia godauni. Ila yapo, yanazuia maji, na yalijengwa kwa pesa za michango. Kuna kingo zilichimbwa na wafungwa tena. Bunge likapitisha sheria ya Avon ya juu 1972, na tarehe 1 Juni 1974 Mama wa Malkia akarudi kufungua mara ya pili. Miaka mitano tu, vidirisha, milango, kila kitu. Mimi nikikumbuka kivuko fulani ambacho kilikuwa kinangoja spea tangu niko darasa la tatu, basi nanyamaza.

Maloki ya juu yamepewa majina ya waliochangia au waliopigania. Kuna George Billington, kuna Colin Witter. Kuna la Robert Aickman, yule ambaye na Tom Rolt walianzisha chama cha kutetea njia za maji za nchi hii mwaka 1946. Unafunga kamba yako kwenye nguzo huku unasoma jina la mtu, unazungusha chuma, maji yake yanakupandisha. Kwetu tungesema sadaka inayoendelea. Trasti mbili za juu na chini ziliungana 2010, sasa mto mzima toka Tewkesbury uko chini ya trasti moja na bado wajitoleaji wanapaka rangi milango.

Kuna mtu ataniuliza faida yake nini. Mizigo haipo, hata boti moja ya makaa sikuiona. Ni starehe tu, wastaafu na mbwa zao, na sisi. Na wavuvi wa ndoano ambao wanakutazama kama umekanyaga mkeka wa swala, wana fimbo ndefu kuvuka nusu ya mto, ukikaribia wanainua polepole kwa hasira. Mimi jibu langu ni kwamba sijui bei ya kitu kama kile asubuhi, ukungu juu ya maji, kilima cha Bredon kiko kushoto, baada ya saa moja kiko mbele, baada ya chai kiko kulia, manake mto unakizunguka na wewe hujui kama umekwenda au umerudi. Loki ya Wyre imejengwa umbo la kishada, boti inaelea katikati haijui iegemee wapi. Pale Nafford kuna kidaraja cha kuzungusha kimekaa juu ya loki yenyewe, ukikisahau kinakukata kichwa. Na kufika Stratford jioni, unapita kanisa alilozikwa Shakespeare upande wa kushoto, kisha jumba la tamthilia, watalii wamejaa wanakupiga picha wewe! Mtoto wa Pangani, na kilemba changu.

Mkitaka kwenda, nendeni Mei hadi Septemba. Vaeni glavu, kamba zinachubua. Kana inakwenda kinyume, ukiisukuma kushoto omo inakwenda kulia, shemeji na malori yake yote siku ya kwanza aliingia kwenye mnyaa wa watu, mnyaa sio mnyaa, mti wa maji wa huku sijui jina lake kwa kiswahili. Mvua kubwa ikinyesha juu angalieni alama za rangi kwenye maloki, ikifika nyekundu funga boti kaa ndani, mto huu una hasira, Julai 2007 uliungana na Severn wakaizunguka Tewkesbury yote mpaka lile kanisa kuu likabaki kisiwa.

Basi nikasema maswali karibuni. Mkono wa kwanza ni Mzee wetu wa Lamu, mnamjua, alikuwa kanyamaza muda wote na fimbo yake mbele. Akasema binti yangu, habari zako nzuri, lakini hujatwambia maji yanapwa na kujaa saa ngapi. Nikamjibu hapana mzee wangu, huko ni bara, maji hayapwi. Halafu nikajisahihisha, manake yule baba mwenye mbwa alinieleza hili tulipokuwa tunakunywa chai. Severn inaingia baharini mahali ambapo maji yanajaa na kupwa kwa kimo kikubwa kuliko karibu kila mahali duniani, na bamvua kali, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likija linapanda mto kama ukuta, linapita Gloucester, na makubwa kabisa yanaruka kizuizi na kufika hadi chini ya Tewkesbury. Mto unasimama kidogo, unarudi nyuma.

Mzee akatoa kijitabu mfukoni, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

"Haya," akasema, "nipe tarehe za mwezi mwandamo wa Septemba. Na huyo shemeji yako asiguse kana."